Hakimu Gani Alikuwa Mbaya Kuliko Wote?

Kila Jumapili, tunapoungama imani yetu katika Misa, tunataja jina la hakimu mmoja: Ponsyo Pilato. Aliona wazi kwamba Yezu hana kosa, akasema hivyo mbele ya watu wote, kisha akamtoa asulubiwe. Tangu siku ile dunia imewaona mahakimu wengine wabaya, na wasomaji wa historia hupenda kubishana: kati ya wakubwa wa tribinali, nani aliwapita wenzake kwa ubaya? Leo nasi tuingie katika ubishi huo. Hatutaki kuwasengenya marehemu, bali kujifunza.

Wengi hutaja kwanza Mwingereza George Jeffreys. Mwaka 1685 watu wa magharibi ya Uingereza walimwasi mfalme James II. Waliposhindwa vitani, Jeffreys, aliyekuwa hakimu mkuu, alitumwa kuwahukumu. Alikuwa mtu wa makelele na matusi. Huko Winchester aliletewa bibi mzee, Alice Lisle, mwenye miaka karibu 70, kwa kosa la kuwaficha wakimbizi nyumbani mwake. Watu 12 walioapishwa kulitazama shauri walisitasita, lakini Jeffreys aliwasukuma mpaka wakasema ana kosa. Bibi yule akakatwa kichwa. Kwa majuma machache mamia ya watu walihukumiwa kufa, na mamia wengine wakapelekwa visiwa vya mbali kufanya kazi ya kulazimishwa. Tusifiche neno: mfalme aliyemtuma na kumwongezea cheo alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1688 mfalme alikimbia. Jeffreys alikamatwa amevaa nguo za baharia, akafa kifungoni London mwaka 1689.

Wengine watasema: Jeffreys ni mtoto mdogo mbele ya Roland Freisler. Huyu alikuwa mkuu wa tribinali ya Hitler iliyoitwa Tribinali ya Watu, tangu 1942. Alipiga kelele, aliwatukana washtakiwa, hakuwaacha wajitetee. Tarehe 22 mwezi wa pili 1943 aliwahukumu vijana watatu: Hans Scholl, dada yake Sophie, na Christoph Probst. Kosa lao lilikuwa kuandika na kueneza karatasi za kuwaambia Wajerumani ukweli juu ya uovu wa serikali yao. Siku ile ile walikatwa vichwa. Probst, baba wa watoto watatu, alipata ubatizo katika saa zake za mwisho. Mwezi wa kwanza 1945 Freisler alimhukumu pia Padri Alfred Delp, Myezuiti. Padri akanyongwa tarehe 2 mwezi wa pili. Kesho yake bomu liliangukia Berlin likamwua Freisler mwenyewe. Tribinali ile, tangu mwanzo wake hata mwisho, ilitoa hukumu za kifo zaidi ya 5,000.

Basi, tukihesabu damu, Freisler ni wa kwanza. Hatubishani. Lakini yupo wa tatu ambaye twataka kumweka mbele ya wasomaji wetu, kwa maana hakupiga kelele, wala hakumtukana mtu.

Huyo ni Roger Taney, mkuu wa tribinali ya juu kabisa ya Marekani tangu 1836 mpaka kufa kwake mwaka 1864. Alikuwa Mkatoliki, mtu wa sala. Watumwa aliowarithi aliwaachia huru, na wazee kati yao aliwapa fedha za kuishi. Mwaka 1819, alipokuwa wakili, alimtetea mhubiri aliyeshtakiwa kwa kusema vibaya juu ya utumwa, akauita utumwa doa la taifa. Nani hangempenda jirani wa namna hii?

Sasa sikilizeni. Mtumwa mmoja, jina lake Dred Scott, alikuwa amepelekwa na bwana wake, daktari wa askari, kukaa miaka kadhaa katika sehemu ambazo sheria ilikataza utumwa. Mwaka 1846 yeye na mke wake Harriet walishtaki mjini St. Louis ili wapate uhuru. Walikuwa na mabinti wawili. Shauri lilizunguka miaka 11, likamfikia Taney. Tarehe 6 mwezi wa tatu 1857 alisoma hukumu: mtu wa asili ya Afrika, awe mtumwa awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, wala hana ruhusa ya kushtaki katika tribinali zake kuu. Aliandika kwamba wazee walioianzisha nchi waliwahesabu watu weusi kuwa wa chini mno, hata mzungu hakupaswa kuheshimu haki yao yoyote. Mahakimu 7 kati ya 9 walikubali hukumu ile. Waliohukumiwa hivyo ni ndugu zetu: wengi wa watumwa wa Amerika walitolewa pwani za Kongo na Angola.

Watu husema: ndivyo mawazo ya wakati ule yalivyokuwa. Hapana. Papa Gregori XVI alikuwa amekwisha kulaani biashara ya watumwa mwaka 1839. Na katika tribinali ile ile hakimu Benjamin Curtis alikataa, akaonyesha kwamba watu weusi walio huru walipiga kura katika majimbo kadhaa tangu mwanzo wa taifa. Curtis alisoma sheria zile zile, akaona njia nyingine.

Taney alifikiri kwamba hukumu yake itamaliza ugomvi juu ya utumwa. Ikawa kuni juu ya moto: mwaka 1861 vita vilianza. Mwaka 1865 utumwa ulifutwa, na 1868 sheria kuu iliwapa watu weusi uraia. Dred Scott aliachiwa huru na bwana mpya miezi michache tu baada ya hukumu, akafa 1858. Leo analala St. Louis, katika makaburi ya Wakatoliki.

Kwa nini tunamwogopa Taney kuliko wengine? Kwa sababu hakuna Mkristu anayetamani kufanana na Freisler. Lakini kufanana na Taney ni rahisi: kuwa mwema nyumbani, kusali vizuri, kujua lililo ovu, kisha siku ya shauri kujificha nyuma ya maandiko na desturi. Mjane anapofukuzwa katika nyumba ya marehemu mume wake, wazee wa ukoo hawapigi kelele. Wanasema kwa upole: ndiyo desturi yetu, mwanamke si wa ukoo huu. Pengine asubuhi walipokea Komunyo. Nao wamemhesabu mtu kuwa si mtu.

Kila anayekata shauri, kwenye tribinali, mbele ya shefu au kikaoni mwa jamaa, ajiulize kwanza: huyu aliye mbele yangu nimemhesabu kuwa nani?