Uzito Mmoja, Asili Mbili: Atomu na Njia ya Misafara ya Tabora

Burton na Speke walipofika Kazeh, katika Tabora ya leo, Novemba 1857, Waarabu walikuwa wameshajenga matembe yao hapo, na Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi hadi pwani. Historia ya njia ile imeegemea sana daftari za wageni kama hao. Kwa yaliyotangulia kalamu zao, mojawapo ya mashahidi ni atomu.

Idadi ya protoni katika kiini cha atomu huamua elementi. Protoni na neutroni kwa pamoja huipa namba ya tungamo. Isotopu ni atomu za elementi moja zenye neutroni zisizolingana: kaboni-12 ina neutroni 6, kaboni-14 ina 8. Isobari zina namba moja ya tungamo lakini ni elementi mbalimbali: kaboni-14 ina protoni 6, naitrojeni-14 ina 7. Frasila ya pembe na frasila ya chumvi hulingana kwenye mizani, ila si bidhaa moja. Frederick Soddy alitangaza jina la isotopu mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya reli kufika Tabora. James Chadwick alipogundua neutroni mwaka 1932, sababu ya isotopu kutofautiana tungamo ikajulikana.

Miale kutoka anga za mbali huigeuza naitrojeni-14 kuwa kaboni-14, nayo huingia katika miti, wanyama na watu. Kiumbe akifa, hapokei nyingine. Nusu ya iliyomo hurudi kuwa naitrojeni kwa kila miaka 5,730 hivi. Willard Libby alijenga juu ya hesabu hiyo mbinu ya kupima umri, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Miaka ya 1960 John Sutton na Andrew Roberts walichimba Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi kati ya Tabora na Ujiji. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi hapo tangu katikati ya milenia ya kwanza, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya misafara ya pwani.

Kwa karne ya 19 kaboni-14 haifai sana, maana kipimo kimoja huweza kuangukia miaka kadhaa tofauti. Hapo husaidia isobari nyingine, si kupima umri bali kutafuta asili ya bidhaa: rubidi-87, ambayo hugeuka polepole mno kuwa stronti-87. Miamba ya matale ya Unyamwezi, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imekusanya stronti-87 kwa wingi kuliko miamba michanga. Stronti hiyo hupita udongoni na majanini hadi kwenye pembe ya ndovu. Mwaka 2016 Ashley Coutu na wenzake walichapisha utafiti uliotumia isotopu za stronti, kaboni na naitrojeni kutafuta asili ya pembe za biashara ile.

Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, leo ni makumbusho ya enzi ya misafara. Ni enzi muhimu, lakini ni sura ya karibuni. Anayetaka sura za mwanzo za biashara ya magharibi mwa Tanzania aanzie Uvinza.