Bamba la Tatu

Nyegezi, kusini ya mji wa Mwanza, ni nchi ya majabali, na katika Usukuma jiwe lilikuwa mtumishi wa kale wa jiko. Mwanamke alisaga mtama kwa kusugua jiwe dogo juu ya kubwa. Miaka ilipopita, la chini lilifanya bonde, na la juu likavimba kwa kadiri ya bonde lile. Mawe hayo yalikubaliana kabisa, wala hapakuwa na hata moja lililo sawa.

Kwa unga hasara hiyo ni ndogo. Kwa chuma ni kubwa. Mashine ya kukereza ni mama wa mashine nyingine, na kazi yake haiwezi kunyoka kuliko njia ambayo kigari cha kisu huteleza juu yake. Mafundi wa Ulaya walikuwa na desturi ya kusawazisha nyuso za namna hiyo kwa kusaga chuma juu ya chuma kwa unga wa msasa, wakaangukia kosa la mawe ya kusagia. Mwaka 1840, mjini Glasgow, Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay, London, aliwasomea wataalamu makala ya kuipinga desturi hiyo na kusifu kikwangulio cha mkono.

Huchukuliwa mabamba matatu ya chuma cha kusubu. La kwanza hupakwa rangi kidogo na kulazwa juu ya la pili. Penye mwinuko rangi hushika, na hapo fundi hukwangua kidogo kidogo. Lakini mabamba mawili yaweza kudanganyana, moja limevimba na jingine limebonyea. Ndipo huletwa la tatu. Yaliyobonyea mawili yakikutana, uwazi wa katikati hufichuka. Yakipokezana zamu hata kila moja likashikana na kila jingine, yote ni sawa. Wala halikuhitajiwa bamba kamilifu la kuanzia.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Garimoshi na meli haziishi bila karakana, wala karakana bila mashine ya kukereza. Njia ya mashine hiyo huchakaa zaidi karibu na kichwa chake, ambapo kazi nyingi hufanyika, na vipande vikatoka kwa unene usio sawa. Penye fundi wa kukwangua, mashine hufufuka. Pasipo naye, huuzwa kwa uzito wa chuma chakavu. Tanzania ilipojenga kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, iliazimia kuwatengeneza mama wa mashine badala ya kuwanunua tu. Azimio la namna hiyo hutegemea mikono kuliko majengo.

Mwenye kuandika historia ya ufundi huu anazo hati za serikali na hati za makampuni, nazo zaweza kukubaliana. Ushahidi wa tatu umo kwa mafundi wazee wa reli na meli. Huo haukuandikwa, na wenye nao wanapungua.