Muziki wa kidijitali: Nakala moja si akiba

MNAMO Machi 2019, mtandao wa MySpace ulikiri kuwa nyimbo zilizopakiwa humo zaidi ya miaka mitatu awali huenda zisipatikane tena, kwa sababu ya hitilafu iliyotokea data ilipokuwa ikihamishwa kati ya seva. Wasanii wasiokuwa na nakala nyingine walibaki mikono mitupu.

Wataalamu wa hifadhi hushikilia kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala 3 za kila faili, katika vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yazo iwekwe mbali na nyumbani, ili moto au mwizi asizikombe zote kwa pamoja.

Unaponakili santuri, kanda au CD, tumia muundo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sauti. MP3 hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi hata faili ikigeuzwa baadaye. Andika jina la msanii, wimbo na mwaka.

Diski hufa bila kubisha hodi. Hivyo basi, zikague nakala zako walau mara moja kwa mwaka, na uzihamishie kwenye chombo kipya kabla ya kile cha zamani kuharibika. Aidha, huduma inayolinganisha faili za kompyuta na za intaneti haitoshi: ukifuta wimbo huku, hufutika na kule.

Anza na kile kisichonunulika. Kanda ya taarabu iliyorekodiwa harusini huenda ikawa ndiyo ya pekee duniani.