Tufe la Chuma: Je, ni la Mzinga?

Mji wa Mombasa umejua mizinga tangu zamani. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593; Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696 hata 1698; na mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga. Basi mtu achimbaye msingi huko akiona kitu cha mviringo chenye kutu, husema mara moja, "Hili ni tufe la Wareno." Yatupasa kupima kwanza, maana habari za kale zikijengwa juu ya dhana, watoto wetu watarithi uongo.

Kabla ya yote, tutazame kama lina tundu. Matufe mengine yalikuwa matupu ndani, yakajazwa baruti na kutiwa utambi tunduni. Haya ndiyo makombora. Baruti yaweza kudumu miaka mingi: mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mtu aliuawa na kombora la vita vya 1861–1865 alipokuwa akilisafisha. Penye tundu, au shaka yo yote, lisiguswe, polisi waitwe.

Lililo zima ndani hupimwa kipenyo na uzito. Chuma cha kusubu chenye kipenyo cha sentimeta 10 huwa na uzito wa kilo 3 na robo tatu hivi. Jiwe la ukubwa huo halifiki kilo 1 na nusu. Lakini chuma kilichokaa sana baharini huliwa na chumvi, kikapungua uzito, na umbo likabaki lile lile.

Wala uzito peke yake hautoshi, na hata jina latupoteza. Tufe la wanaume la mchezo wa kutupa lina uzito wa kilo 7.26 na kipenyo cha sentimeta 11 hata 13. La mzinga laweza kulingana nalo. Tena viko vinu vya kusagia mawe ya madini na ya saruji, vitumiavyo matufe ya chuma, nayo huchakaa yakawa na bapa huku na huku. Tufe la mzinga huweza kuonyesha mstari mwembamba, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kovu pale chuma kilipomiminwa.

Mwisho, mahali lilipoonekana ni nusu ya ushahidi. Likiondolewa pasipo kuandikwa kina chake na vitu vilivyolala nalo, hubaki chuma tu, hata likiwa la mzinga kweli.