Nusu karne tangu ushirika ufutwe: mizani ya Goweko iko mkononi mwa nani?

Mei mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 50 tangu serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika kote Tanzania Bara. Si kumbukumbu ya kupigiwa ngoma. Lakini kwa mkulima wa Goweko, kwenye stesheni ya Reli ya Kati wilayani Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, tarehe ile ina uzito kuliko nyingi tunazoziadhimisha kwa magwaride. Sehemu kubwa ya maumivu yake ya leo katika tumbaku ilianzia pale.

Watu wa ukanda huu hawakungoja kufundishwa kushirikiana. Kabla ya reli, misafara ya pembe za ndovu na nguo ilipita hapa ikitoka na kurudi pwani: Tura, Rubuga, Kigwa, kisha Unyanyembe. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, na maandishi ya Burton yamejaa manung'uniko juu ya wapagazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, anatufundisha kuyasoma manung'uniko hayo upya. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wenye utaratibu wao. Waligawana katika makambi ya kupika na kulala pamoja, wakafuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, waliyemwamini, na posho ikipunguzwa waliweza kutua mizigo wote kwa pamoja wasiinyanyue mpaka wasikilizwe. Tajiri aliita ukaidi. Wao walikuwa wanalinda haki ya mwenzao.

Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi ukafa.

Kilichobaki ni msitu wa miyombo na nyuki wake. Warina asali wa Unyamwezi huingia porini kwa makundi, hupiga kambi kwa muda mrefu na kutundika mizinga ya magome na magogo juu ya miti. Peke yake, mrina asali hana nguvu mbele ya mnunuzi: asali na nta viko kwenye debe, mnunuzi ana gari, na nyumbani ni mbali. Mwaka 1962 ndipo kilipoandikishwa chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora, ili debe la mnyonge lipimwe pamoja na la jirani yake na kuuzwa kwa bei moja.

Sheria ya ushirika ya Tanganyika ilikuwapo tangu 1932, na chama kikuu cha KNCU cha Kilimanjaro kilianza mwaka uliofuata. Hayo yameandikwa sana. Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa wakulima wa magharibi ni cha mizani ya pamba, kaskazini mwa Tabora.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alipeleka pamba kwenye kituo cha kununulia, akaitazama mizani ya mnunuzi ikisema uzito asiouamini. Alijua shamba lake, alijua mgongo wake ulibeba nini, lakini hakuwa na ushahidi. Akachukua alichopewa akaondoka. Miaka na miaka ilikuwa imepita hivyo. Kisha wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika wa Mwanza wakafanya jambo jepesi lililotikisa biashara nzima: walileta wapimaji wao na mizani yao. Mkulima alipima kwanza kwa mwenzake, akapata namba yake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Namba zisipolingana, kulikuwa na neno la kusema na watu wa kulisema pamoja naye. Katikati ya vuguvugu hilo alikuwapo Paul Bomani, kijana aliyekuwa akisimamia chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Mwanza. Kutokana na ugomvi wa mizani vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao katika miaka michache ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika, wenye vinu vyake vya kuchambulia pamba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tulikua tukiambiwa ushirika ni kitu cha serikali. Ule wa pamba ulianzia kwa mkulima anayetaka kujua amebeba kilo ngapi.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 nchi ilikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 800. Katikati ya muongo huo vilikuwa vimepita 1,500. Vingi kati ya hivyo vipya viliundwa kwa haraka, kwa msukumo wa wanasiasa, mahali ambapo wanachama hawakuwa wameviomba. Makarani wakaiba, makato yakapanda, ndugu wakaajiri ndugu. Tume ya Rais ya mwaka 1966 iliyochunguza ushirika ilisema hayo bila kuficha, na ilisema pia kwamba wanachama hawakupewa elimu ya kuwasimamia viongozi wao. Ugonjwa ulijulikana. Tiba ilijulikana pia.

Badala ya tiba, mgonjwa aliuawa. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kila kijiji kuwa chama cha ushirika chenyewe, na Mei 1976 vyama vikuu vikafutwa kwa amri, bila kura ya mwanachama hata mmoja. Malori, maghala, vinu na maduka vilivyojengwa kwa makato ya wakulima vikagawiwa mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Tabora ilipatwa vibaya. Miaka ile tumbaku ya mvuke ilikuwa imestawi mkoani kiasi kwamba watafiti Boesen na Mohele waliiandikia kitabu kuhusu mafanikio yake, kilichotoka 1979. Sasa Mamlaka ya Tumbaku ikawa yenyewe inaleta mbolea, yenyewe inapanga madaraja, yenyewe inapima, yenyewe inalipa, ikiona vema. Kwa watu waliokuwa ndiyo kwanza wamehamishwa na Operesheni Vijiji, hicho kilikuwa kipigo cha pili. Kote nchini, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mazao mengi ya biashara yalikuwa yameporomoka.

Ulikuwa uamuzi mbaya, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na ujasiri wa kukiri. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alitaja mambo mawili ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika.

Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama vikuu, zikafuata sheria za 1991, 2003 na 2013. Leo vijiji vingi vya tumbaku vina vyama vyao vya msingi vya mazao, AMCOS, na mahali zinaposimamiwa vizuri ushuru wao umejenga madarasa na zahanati. Lakini kilichorudi ni jina na muhuri. Tabia ya mwanachama kupima kwanza haikurudi. Chama hukopa pembejeo benki kwa jina la wote. Fedha za tumbaku hupitia akaunti ya chama, na benki hukata kwanza. Jirani akitorosha robota zake kwa walanguzi waitwao vishada, deni lake linaangukia tumbaku ya aliyekuwa mwaminifu. Huyu mwaminifu amekesha kwenye bani la kukaushia akichochea kuni usiku kucha, mteuzi amempa daraja zuri, na bado anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Halafu tunamshangaa mwanawe anapokataa kujiunga na chama.

Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika mjini Dodoma, vyama vya ushirika vikiwa na asilimia 51 ya hisa. Ni hatua ninayoipokea kwa furaha, kwa kuwa makato ya wakulima yanaweza tena kuwa mali ya wakulima. Ila hisa za Dodoma hazitamsaidia mtu wa Goweko ambaye hajawahi kuona daftari la deni la chama chake mwenyewe. Kabla ya mkopo wa msimu ujao kusainiwa, mkutano mkuu wa kila AMCOS ya Uyui usomewe kwa sauti jina la kila mkopaji, mifuko aliyochukua na robota alizoleta, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani mwa ghala mpaka soko lifungwe.