Bibi wa Nje: Jinsi Ukoo wa Mama Ulivyosogezwa Kando Korea

Mwaka 1566, ndugu saba wa tumbo moja nchini Korea, wanaume wanne na wanawake watatu, waligawana mali ya wazazi wao. Hati ya mgawo huo ipo hadi leo. Imetaja mashamba na watumwa, fungu kwa fungu, na mabinti wamepata sawa na kaka zao. Mmoja wa ndugu hao ni Yi I, mwanafalsafa maarufu kwa jina la Yulgok, ambaye sura yake imo kwenye noti ya won 5,000. Alizaliwa Gangneung mwaka 1536, katika nyumba ya Ojukheon, kwao mama yake. Halikuwa jambo geni: enzi hizo mwanamume akioa aliweza kuishi miaka mingi ukweni, na watoto wakalelewa na bibi mzaa mama.

Leo Kikorea kinamwita bibi huyo oehalmeoni, yaani bibi wa nje. Mzaa baba ndiye chinhalmeoni, bibi wa karibu.

Ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, ulishika mafundisho ya Confucius tangu mwanzo, ila desturi za nyumbani zilikawia kuyafuata. Karne ya 17 ndipo mambo yalipogeuka hasa. Bibi harusi akawa ndiye anayehama, kifungua mimba wa kiume akakabidhiwa tambiko za wahenga pamoja na fungu nono la urithi, na binti akaanza kuhesabiwa mtu wa ukoo mwingine.

Mswahili hapotei sana katika msamiati huu. Keunabeoji ni baba mkubwa, jageunabeoji ni baba mdogo, gomo ni shangazi, na oesamchon, huyo naye wa nje, ni mjomba. Panapouma ni kwa wakwe. Mke humwita shemeji yake mdogo doryeonnim na wifi yake mdogo agassi, majina ambayo zamani watumishi waliwaitia watoto wa bwana. Mume huwaita wadogo wa mkewe cheonam na cheoje, bila neno la heshima. Huo ni uonevu, na wanawake wa Korea wameusema hadharani.

Sheria nayo ilisimama upande huohuo. Kila kaya iliandikishwa chini ya mkuu wake, na mume akifa, mwana wa kiume, hata akiwa mtoto mchanga, alimtangulia mama yake kurithi nafasi hiyo. Mahakama ya Katiba iliukataa utaratibu huo Februari 2005, ukafutwa rasmi Januari 1, 2008.

Mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilitoa mwongozo: bibi wote waitwe halmeoni tu, na wadogo wa mume waweze kuitwa kwa majina yao. Kwa bibi, familia nyingi zilikuwa zimeshatangulia. Watoto humtaja kwa mji anaokaa, bibi wa Busan au bibi wa Daegu, na mgeni hajui ni mzaa nani mpaka aulize.