Hakimu Asiyemwogopa Mkubwa

Wazee husema: kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Sisi watu wa nchi ya shaba, toka Kolwezi hata Lubumbashi, twalijua neno hilo kwa mateso yetu.

Zamani za Wabelgiji, administrata ndiye aliyesimamia kodi, naye huyohuyo ndiye aliyeketi kuwa hakimu wa baraza la polisi. Mtu aliyeonewa naye angemshitaki kwa nani? Uhuru ulipatikana mwaka 1960, lakini mwaka 1974 mahakimu walifanywa kuwa chombo cha chama kimoja, M.P.R., ambacho mkuu wake alikuwa Rais Mobutu mwenyewe. Wakati huo migodi ilikuwa mali ya serikali kwa jina la Gécamines. Basi, aliyeshika fedha ya shaba ndiye aliyemshika na hakimu.

Hakimu huvunjwa kwa njia mbili: kwa hofu au kwa fedha. Kwa hofu: mwezi wa Novemba 1998, Rais Laurent Kabila alifukuza mahakimu na waendesha mashtaka 315 kwa amri moja. Waliambiwa ni wala rushwa na wasioiweza kazi, wala hawakupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 2003 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba kitendo hicho kilishambulia uhuru wa mahakimu. Kweli, mla rushwa aondolewe. Lakini akiondolewa pasipo kusikilizwa, aliyebaki hujifunza kumwogopa mkubwa, si kuiogopa sheria.

Kwa fedha: mashariki ya Kolwezi kuna shaba na kobalti ya Kalukundi. Mwaka 2007 Africo, kampuni ya Kanada, ilikuta kwamba hisa zake katika mgodi huo zimeuzwa kwa hukumu iliyotolewa pasipo wenyewe kuwapo. Mwaka 2016, huko New York, tawi la kampuni ya fedha Och-Ziff lilikiri kushiriki njama ya kuwahonga wakubwa wa Kongo. Makaratasi ya kesi yalieleza kwamba mwaka 2008 fedha ilitakwa ili mambo ya Africo yapangwe na mahakimu wa baraza kuu. Mwaka 2020 iliamriwa fidia ya zaidi ya dola milioni 130 kwa waliokuwa na hisa za Africo. Tazameni, ndugu wasomaji: haki ya mgodi wetu ilitafutwa ng'ambo ya bahari, na fidia haikuamriwa kwa mkoa wetu.

Katiba ya mwaka 2006 yakataza serikali kumwamuru hakimu katika hukumu yake, na yaweka Baraza Kuu la Mahakimu lipendekeze nani ateuliwe na nani aondolewe. Hiyo ni njia njema. Lakini karatasi haimlishi hakimu, wala haimlindi. Yampasa apate mshahara wa kutosha kwa wakati wake, na hukumu isomwe hadharani pamoja na sababu zake.

Nasi tuna sehemu yetu. Tukipeleka matabishi kwa ajili ya kesi ya kiwanja, twamfundisha hakimu bei yake. Kesho tajiri wa migodi atakuja na bei kubwa kuliko yetu, nasi tutamlilia nani?